Anga la picha yangu limekuwa jekundu, je niioshe?

"Shikamoo mwalimu. Mimi naishi Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwaka jana bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alifariki na watoto wake wakanipa picha aliyokuwa anaipenda sana, ni kanisa kuu la Lincoln limechorwa kwa rangi za maji, unaliangalia toka chini kwenye maji penye boti, lenyewe liko juu kilimani. Chini pembeni imeandikwa P. De Wint 1839. Shida imechafuka. Anga lote limekuwa la waridi inayoelekea kutu, miti imekuwa ya kahawia, na kuna madoadoa kama ya chai. Nilipoitoa kwenye fremu nikaona kingo zilizokuwa zimezibwa na kadibodi zina ukanda mwembamba wa anga la buluu safi kabisa, kwahiyo nikajua chini ya huu uchafu kuna buluu nzima. Binamu yangu anasema nifute kwa kitambaa cha maji na tone la jiki, mwingine kasema mkate, mwingine anasema niianike juani ukungu ufe. Halafu wanawake waliochorwa ufukweni wana kofia nyeusi tii, haziendani kabisa na nguo zao. Na minara miwili ya mbele ina vilele virefu vyenye ncha ila mimi nimefika Lincoln sikuviona, au ni kanisa jingine? Ukiiinua karatasi dirishani yanaonekana maandishi TMAN 1836. Nataka niipeleke Tanga kwa mama aitundike sebuleni. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa bibi. Watu wakikupa kitu alichokipenda mzee wao manake kazi yako waliiona. Sasa kabla hatujaenda popote, hicho kitambaa weka chini na chupa ya jiki irudishe chooni. Picha iache ilale chali mezani juu ya karatasi nyeupe safi, mbali na dirisha, mbali na jiko, halafu kaa tuongee, maana umeniuliza mambo kama sita kwa mpigo na moja ndio limebeba mengine yote.

Hilo moja ni ule ukanda wa buluu. Umeuona ukafikiria kama mtu anavyofikiria meza yenye vumbi, ukinyanyua kitu kilichokaa juu yake unakuta pale chini pasafi, basi kwingine kote ni vumbi la kufuta. Fikra nzuri tu, wala usijione mjinga, watu waliosoma sana wameniletea hoja hiyo hiyo. Ila kwenye rangi za maji mambo yako kinyume. Hamna kitu kilichokuja kukaa juu ya anga lako, kuna kitu kimeondoka. Buluu ilikuwepo picha nzima ilipotoka mkononi kwa mchoraji, ikawa inaondoka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, ikabaki pale tu ambapo kadibodi iliziba mwanga. Huo ukanda wenye upana wa kucha ndio sehemu pekee inayokuonyesha picha ilivyokuwa mwanzo, kwahiyo uuheshimu, tutaurudia mwishoni.

Ngoja nieleze ilikwendaje, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu picha zao. Mchoraji wa zama zile akitaka kijivu cha mawingu ya Uingereza, yale mawingu mazito unayoyaona wewe kila asubuhi ukienda kazini, hakuwa anakimbilia rangi nyeusi, nyeusi inalifanya anga liwe kama moshi wa tairi. Alikuwa anachanganya nili na nyekundu ya udongo. Nili ni hii hii inayotoka kwenye majani ya mmea, ile ya kutia nguo rangi toka enzi za mababu. Nyekundu ya udongo kwa lugha nyepesi ni kutu, oksidi ya chuma, ndio ile ile inayofanya udongo wa kupanda Lushoto uwe mwekundu vile. Ukichanganya hizi mbili unapata kijivu laini chenye uhai, na De Wint mwenyewe, yule mchoraji wa Uingereza ambaye jina lake limeandikwa chini ya picha yako, aliutumia sana huo mchanganyiko.

Tatizo hizi rangi mbili hazizeeki pamoja. Chuma kikishakuwa kutu ndio kimemaliza safari yake, jua lipige miaka na miaka hakina pa kwenda. Nili ni kitu cha mmea, molekuli yake mwanga ukiipiga, na hewa na unyevu vikiwepo, inakatika katikati na kinachobaki kinaitwa isatini, ambacho kina umanjano hafifu mno hata jicho halishiki. Kwahiyo kwenye kila wingu buluu inatoka mdogo mdogo na nyekundu inabaki peke yake kama mgeni aliyesahauliwa ukumbini baada ya harusi. Hilo ndilo anga lako la waridi na kutu. Miti nayo ni hadithi hiyo hiyo, kijani chao kilikuwa ni nili imechanganywa na njano au kahawia, toa nili, umebaki na miti ya kiangazi. Na mtu asiyejua ataiangalia picha atasema aah, mchoraji alichora jua likizama, kumbe ilikuwa mchana wa mawingu.

Wala hili jambo sio jipya. Mwaka 1886 palitokea ubishi mkubwa magazetini London kuhusu picha za rangi za maji za makumbusho, wengine wakisema zinapauka kwa sababu zinaanikwa kwenye mwanga, wengine wakasema ni uzushi rangi hizo hazina shida. Serikali ikawapa kazi wanasayansi wawili, Russell na Abney, na ripoti yao ikatoka 1888. Walichofanya ni kitu rahisi ambacho mpaka leo nakipenda, walipaka rangi kwenye vipande vya karatasi, wakavitia kwenye mirija ya kioo, nusu ya kila kipande wakaifunika nusu wakaiacha wazi, wakaitundika panapopata jua wakasubiri karibu miaka miwili. Nili ikapauka, nyekundu ya udongo haikutikisika. Halafu wakajaribu na mirija iliyonyonywa hewa yote, humo rangi nyingi zikabaki kama zilivyo. Ndio tukajua inahitajika timu nzima, mwanga na hewa na unyevu. Wewe mwenyewe nyumbani kwako una jaribio lile lile, sehemu imefunikwa sehemu iko wazi, tofauti lako limechukua zaidi ya miaka 150.

Kwahiyo jibu la swali kubwa ni hapana, ile buluu hairudi. Hamna dawa, hamna maji, hamna mashine. Mtu akikwambia atairudisha ujue anataka kupaka rangi mpya juu ya picha ya watu, mkimbie.

Sasa maji. Unga wa rangi hizi umeshikwa kwenye karatasi na gundi ya mgunga, utomvu wa miti ya migunga ambayo mpaka leo nyingi inatoka Sudan. Gundi hiyo ukiitia maji inayeyuka, iliyeyuka siku ile mchoraji anachovya brashi na itayeyuka leo kwako pia, haina habari na umri. Nilishaletewa picha ambayo mwenyewe aliifuta anga kwa vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto, akaja na kitambaa chenyewe kwenye mfuko wa plastiki anionyeshe uchafu aliofanikiwa kuutoa, kilikuwa cha buluu. Alikuwa na furaha kweli. Sikujua nianzie wapi kumwambia, nikamwomba anywe chai kwanza.

Jiki itakudanganya vibaya zaidi kwa sababu itafanya kazi. Madoa yatapotea, karatasi itang'aa, utampigia binamu simu kumshukuru. Lakini klorini inakula zile nyuzi zenyewe zinazoishikilia karatasi na hata ukidhani umeisuuza inabaki ndani inaendelea, baada ya muda karatasi inakuwa ya njano na inakatika kama papadi. Mkate ngoja niutetee kidogo maana aliyekwambia hakutunga, wachoraji wa zamani kweli walitumia kiini cha mkate kama raba. Ila punje na mafuta yake yanajificha kwenye nyuzi, na hapo unakuwa umewaandalia fangasi na wadudu futari.

Na jua, hili tulipigie hesabu. Makumbusho yenye akili huwa yanaweka mwanga wa luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga) kwenye picha za rangi za maji, ndio maana vyumba vile viko gizagiza, usidhani wanabana umeme. Jua la mchana wazi linafika luksi 100,000 hivi. Gawanya uone, saa moja ya kuanika ni sawa na saa 2,000 za ukuta wa makumbusho, wakifungua saa nane kwa siku hizo ni siku 250. Yaani chakula cha mchana kimoja nje uani umeila picha karibu mwaka mzima wa maonyesho. Na deni la mwanga halilipiki, ukiiweka gizani baadaye hairudishi kilichotoka, inazuia tu kuendelea.

Tuje kwenye hayo madoadoa ya chai. Yana wazazi wawili na mara nyingi wanashirikiana, fangasi waliowahi kuishi kwenye karatasi kipindi ilipopata unyevu, na vichembe vya chuma vilivyoingia karatasi ilipotengenezwa vikaota kutu. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 au 70 na ukakaa hapo, ndio wanaamka. Cha kuangalia ni kama wako hai. Fangasi hai ana manyoya manyoya kama pamba, ana harufu ya stoo, na wakati mwingine anapakaza. Ukiona hivyo usipulize wala usifute, vaa barakoa, itie picha kwenye bahasha ya karatasi na umtafute mtaalamu wiki hiyo hiyo. Lakini kama doa limelala ndani ya karatasi, bapa, halina kitu juu yake, hilo ni kovu. Kovu haliendi popote ukiiweka picha pakavu. Watu wanalipa hela nyingi kutoa makovu ambayo ukisimama hatua tatu huyaoni.

Zile kofia nyeusi zimenifurahisha, mwanangu wa kwanza angesema wanawake wanaenda msibani. Hapana, walikuwa na kofia nyeupe. Nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na hewa ya nyumba za wakati ule, makaa ya mawe na taa za gesi, ilikuwa na salfa. Risasi ikikutana na salfa inakuwa kitu cheusi kabisa. Toka 1834 kampuni ya rangi ya Winsor & Newton walishaanza kuuza nyeupe ya zinki ambayo haina tabia hiyo, ila wengi waliendelea kutumia walichokuwa nacho kwenye boksi. Sasa sikia habari njema, hii ndio sehemu ya picha yako ambayo inarudi. Mtaalamu anagusa pale tu kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi, kidogo sana, chini ya hadubini, na weusi unageuka weupe tena. Tafadhali usije ukachukua ile ya kusafishia vidonda ukajaribu jikoni, dawa ni ile ile ila utaimwagia na kila kilichopo jirani.

Kuhusu minara, ni Lincoln, hujakosea kanisa, na jicho lako ni zuri kuliko la wengi. Kanisa lile la Kigothiki lina minara mitatu na zamani yote ilikuwa na vilele vya mbao vilivyofunikwa kwa risasi. Cha katikati kilianguka 1548, na kabla ya hapo inasemekana lilikuwa ndio jengo refu kuliko yote duniani. Viwili vya mbele vikabaki hadi 1807 ndio vikashushwa. Wewe umefika juzi, utaviona wapi.

Ila hapo hapo sahihi yako ndio inapoanza kuyumba. Hayo maandishi TMAN ni mwisho wa J WHATMAN, karatasi maarufu ya Kent, na 1836 ni mwaka wa karatasi yenyewe, kwahiyo picha haiwezi kuwa imechorwa kabla ya hapo. Aliyeichora alikaa mbele ya karatasi iliyotengenezwa miaka 29 baada ya vilele kushushwa, na bado akavichora. Hakuviona kwa macho, alikuwa ananakili picha ya zamani, mara nyingi picha ya kuchapwa. Sasa De Wint alizaliwa 1784, mkewe alikuwa mtu wa Lincoln, na mji ule aliuchora mara nyingi mno ukiwemo huo huo upande wa chini kwenye maji ya Brayford, alikuwa anajua kabisa kanisa linafananaje. Tena alikuwa mtu wa kutoweka sahihi, picha zake nyingi hazina jina. Ukiletewa De Wint yenye jina kubwa na mwaka, hilo jina ndilo linakutia wasiwasi. Kitu alichokuwa nacho kwa wingi ni wanafunzi, na wanafunzi wa zama zile walijifunza kwa kunakili. Picha yako sijaishika mkononi, ila mimi pesa yangu ningeiweka kwa mwanafunzi au mtu aliyependa kuchora kwa raha zake, halafu baadaye mtu mwingine akaongeza jina ili iuzike. Angalia kwa lenzi kama wino wa jina umepita juu ya madoa au uko chini yake, umepita juu basi jina limekuja baada ya madoa.

Ukiwa na hiyo lenzi mkononi hakikisha pia sio picha ya kuchapwa iliyopakwa rangi, zilikuwa nyingi sana makanisa haya. Ukiona mistari ya penseli inachungulia chini ya rangi kwenye madirisha, na unga wa rangi umetuama kwenye vishimo vya karatasi kama mchanga baada ya mvua, na mahali pa mwanga karatasi imekwaruzwa kwa kisu mpaka nyuzi zimesimama, hiyo ni kazi ya mkono. Ukiona nukta nukta zimejipanga, basi ni mashine.

Najua inauma kidogo kusikia jina sio la kweli. Ila karatasi ya Whatman ilitengenezwa kwa vitambaa vya kitani na pamba, ndio maana yako bado inapinda bila kukatika, na bibi hakuipenda kwa ajili ya mnada. Ukitaka kuliona anga la De Wint mwenyewe nenda makumbusho ya sanaa ya Usher Gallery hapo hapo Lincoln, wana kazi zake nyingi, kaangalie mawingu yake halafu urudi uangalie yako.

Sasa nini kifanyike. Kitakachokusaidia kuliko vyote hakigusi picha kabisa, ni kuitoa kwenye hiyo kadibodi na ubao wa nyuma. Kadibodi za zamani ni za mbao zilizosagwa, zina asidi, na asidi inahamia kwenye karatasi, ukiangalia pale kadibodi ilipokatwa nadhani utaona mstari wa kahawia umezunguka picha kama alama ya kikombe. Nenda kwa fundi wa fremu, mwambie unataka kadibodi ya pamba isiyo na asidi, mbele na nyuma, picha ishikwe juu tu kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, na kioo kisiguse rangi hata kidogo, kiwe cha kuchuja miale ya urujuanimno (UV). Akitoa selotepu chukua picha yako uondoke, hata kama ameandika nje kwamba ni mtaalamu wa makumbusho. Kwa sasa hivyo vipande vilivyoishika juu usivibandue mwenyewe, ndio sehemu karatasi zinapochanika.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, yaani kupunguza madoa na kurudisha kofia, hapo ni mhifadhi wa kazi za karatasi na sio fundi wa fremu, hizo ni fani mbili tofauti. Uingereza kuna chama kinaitwa Icon, kina orodha ya wahifadhi waliopitishwa, tafuta wa karatasi aliye karibu na wewe umpelekee ana kwa ana, maana kwa picha za simu hata mimi nabahatisha. Wanaweza kuosha karatasi kwa njia ambazo rangi hazitembei, kwanza wanajaribu kila rangi kwa tone moja dogo, lakini hata wao kuna picha wakiiangalia wanasema tuiache. Omba makadirio kwa maandishi kabla hawajaanza, kwa sababu kazi kamili inaweza kuzidi bei ya picha yenyewe mara kadhaa, na mtu mwaminifu atakwambia hivyo. Ingekuwa yangu ningelipia kadibodi mpya na kioo, kofia ningezifanyia mwakani nikipata nafasi, madoa ningeyaacha. Na haraka haraka ungeenda kwa mtaalamu kama rangi inabanduka, kama picha imeganda kwenye kioo, au kama ndio huyo fangasi mwenye manyoya.

Tanga. Hapa utanichukia. Unyevu wa pwani unakaa juu ya ile asilimia 65 sehemu kubwa ya mwaka, sebule ya mama ina madirisha wazi na upepo wa bahari kama inavyotakiwa, na makovu yote yale yataamka. Mwanga wenyewe ndio usiseme. Picha ikae huko kwako kwenye korido isiyo na dirisha, ukuta wa ndani, sio juu ya hita wala jirani na bafu.

Mama atapata yake. Mtafute mpiga picha mwenye kamera nzuri na taa zisizo na joto, aipige ikiwa nje ya fremu, na hakikisha anaupiga na ule ukanda wa buluu kwa karibu. Kwenye kompyuta huo ukanda unakuwa kipimo, mtu anayejua kazi anaweza kurudisha anga lote kwenye nakala kwa kulinganisha na kile kilichobaki pembeni, na miti ikafuata, na kofia zikawa nyeupe. Nakala haiogopi kitu, ikipauka unachapa nyingine. Mama atakuwa na mchana wa mawingu ule ambao bibi mwenyewe hakuwahi kuuona.

Fanya hiyo kazi kabla fundi hajaweka kadibodi mpya, maana ataufunika tena ukanda. Na kama nyuma ya ubao kuna lebo ya fundi wa zamani au kipande cha gazeti, usikubali akitupe, kipige picha kisha ukitie kwenye bahasha yake, humo ndani unaweza kukuta mtaa au tarehe ya kukwambia picha ilikuwa ukutani kwa nani.